Maji Safi Hayakai Safi Yenyewe

Hapa Custom, Juba, mto Nile hauko mbali, lakini maji hatuyapati bure. Watu wengi huyanunua kwa pipa kutoka magari ya matangi. Kila mtu hulalamika juu ya maji haya, nami sikatai: serikali haina budi kuongeza mabomba na kuhakikisha kwamba kila tangi latiwa dawa. Lakini neno langu leo ni juu ya maji yakiisha kufika uani.

Tulitazame pipa lenyewe. Mara nyingi halina kifuniko. Mtoto atokaye kucheza huchovya kopo pamoja na vidole vyake, na mgeni naye huchovya. Hata yakiwa safi asubuhi, jioni maji hayo si safi tena. Kipindupindu chapita njia hiyo hiyo. Kiliingia Juba mwaka 2014, kikarudi mwaka 2015, na Oktoba 2024 kilitangazwa tena nchini, kikianzia Renk.

Wengine watasema, "Tungoje mabomba." Nawajibu kwa habari ya mnyoo wa Guinea. Mnyoo huyu huingia mwilini kwa kunywa maji ya madimbwi yenye vidudu vidogo vilivyombeba. Baada ya mwaka mmoja hivi hutokeza katika ngozi, mara nyingi mguuni, kwa maumivu makali. Hana chanjo, wala hakuna dawa ya kumwua mwilini. Mwaka 2006, nchi ikiwa bado sehemu ya Sudan, wagonjwa 20,581 walihesabiwa, karibu wote huku kusini. Wanavijiji wakachuja maji kwa kitambaa, na aliyeumwa akakatazwa kutia mguu katika bwawa la kunywa. Mwaka 2017 hakuonekana mgonjwa hata mmoja. Mwaka 2018 wakaonekana tena 10. Basi adui huyu hataki tusinzie. Kama watu walio mbali na barabara waliweza hayo, sisi wa mjini twashindwaje?

Lakini tusidanganyike. Kitambaa huwazuia vidudu wabebao mnyoo, hakizuii vijidudu vya kipindupindu. Hivi hufa maji yakichemshwa mpaka yatokote, au yakitiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Kwa kuwa makaa ni ghali, dawa hiyo yafaa sana. Kisha maji yawekwe katika chombo chenye kifuniko na mdomo mwembamba, ili yamiminwe, yasichovywe.

Wanafunzi wenzangu, tukienda likizo tusiwafundishe mama zetu kwa kiburi cha darasani. Wao ndio wabebao mzigo wa maji tangu sisi hatujazaliwa. Tulisugue pipa kwa mikono yetu, tulitafutie kifuniko, na tumwulize kwa adabu mwenye gari kama ametia dawa. Elimu isiyofika kwenye pipa la nyumbani imeishia daftarini, na daftari halimwokoi mtoto anayeharisha.