Ngeli, Vitu na Karanga za Kongwa: Nafasi ya Kiswahili katika Uhandisi wa Programu

Wanaofundisha uhandisi wa programu za kompyuta zinazojengwa kwa misingi ya vitu hutumia kanuni ambayo mwanaisimu ataitambua mara moja. Mwanafunzi hupewa maelezo ya kazi inayotakiwa, akaambiwa apigie mstari nomino na vitenzi. Nomino humpa vitu. Vitenzi humpa matendo ya vitu hivyo. Russell Abbott aliieleza njia hiyo mwaka 1983, na Grady Booch akaieneza. Jambo lisilotiliwa maanani ni kwamba Abbott alizungumzia maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza.

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Karani humpimia mkulima zabibu na kumwandikia stakabadhi. Baadaye mhasibu humlipa. Mchanganuzi atapata karani, mkulima, zabibu, stakabadhi na mhasibu, akadhani amemaliza. Lakini mkulima akiulizwa husema: “Nikiugua, wananipokelea.” Sentensi hiyo haina nomino hata moja ya kupigiwa mstari, ilhali kitenzi chake kimebeba pande mbili: wapokeao, na yule ambaye kwa niaba yake wanapokea. Kauli ya kutendea imefichua uhusiano ambao programu haina budi kuutambua. Usipotambuliwa mapema utajitokeza siku ya malipo, mbele ya foleni, wakati mashine inapomkataa mtu kwa sababu jina lake silo lililo kwenye stakabadhi. Kwa maoni yetu, basi, uchanganuzi wa mahitaji ni kazi ya kiisimu, na hapa kwetu hauna budi kufanywa katika Kiswahili kabla ya kuhamishiwa kwingineko.

Suala la istilahi linafuata papo hapo. Dhana kuu ya fani hii, iliyotokana na lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard huko Oslo katika miaka ya 1960, huitwa na wengine “darasa”, neno linalomrudisha mwanafunzi kwenye madawati. “Tabaka” nalo linampeleka kwa Marx. Sisi tunapendelea “ngeli”. Kiboko ana umbo la KI-VI, lakini twasema “kiboko mkubwa amelala”: amerithi umbo huku, akafuata upatanisho wa kule. Mwanafunzi aliyeelewa hilo hatatishwa na kitu kinachorithi sifa za ngeli mama na kubadili tabia mojawapo. Ulinganifu huu una mpaka, kwani ngeli ya sarufi hupanga nomino zilizokwishakuwapo, ilhali ngeli ya programu huzalisha vitu vipya kama kalibu. Mpaka huo wafaa kufundishwa waziwazi.

Kuhusu usimamizi wa miradi, vitabu vya kigeni vimejaa mifano ya mbali, na Kongwa iko hapa hapa mkoani. Mpango wa karanga uliotokana na ujumbe wa John Wakefield mwaka 1946 ulikusudia mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kwa lugha ya fani yetu, waliandaa kalibu moja na kuagiza nakala 107 kabla ya nakala ya kwanza kujaribiwa. Kazi ilianza mwaka 1947. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutosha, na Januari 1951 mpango ukaachwa, Uingereza ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Wagogo walikuwa wakiishi na ukame huo miaka yote. Mahitaji hayakuchanganuliwa pamoja na wenye nchi; mengine yote, pamoja na matingatinga, yalifuata.

Yamkini tutaambiwa kwamba lugha za kuandikia programu zina maneno ya Kiingereza, na vyuo vikuu hufundishia kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini hoja hiyo inahusu hatua ya kuandika programu, si ya kusikiliza. Tunapendekeza kwamba tasnifu ya mradi wa mwaka wa mwisho katika fani hii iambatishwe mahojiano ya watumiaji kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili au Kigogo, na kwamba mmoja wa watahini atoke katika idara ya Kiswahili, apewe alama za kutoa au kunyima kwa sehemu hiyo.