Kwa Nabwana, mgeni hufa kwenye filamu. Na sisi Bunia, kamera ni ya nani?

Watu wengi wa Bunia wanaijua Kampala kwa sababu ya biashara. Tunapita Mahagi, tunavuka mpaka kule Goli, tunashuka Nebbi na Pakwach, tunavuka Nile, na hatimaye tuko Kikuubo tukibishana bei ya nguo na vyombo. Tukimaliza, tunafunga mizigo na kurudi. Safari hii mimi niliongeza siku moja. Nilipanda boda-boda katikati ya mji, nikaenda Wakaliga, nyumbani kwa mtu ambaye filamu zake nazipenda kuliko za mwingine yeyote: Isaac Nabwana. Sikwenda kumhoji. Nilikwenda kuona.

Kwa asiyemjua, Nabwana ni mtengenezaji wa filamu za mapigano na vichekesho nchini Uganda. Zamani alikuwa akifyatua matofali. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake, Ramon Film Productions, nyumbani kwake Wakaliga, kartie ya watu wa hali ya chini upande wa Nateete. Watu wakaipa jina la Wakaliwood. Mwezi wa kwanza wa 2010 kionjo cha filamu yake Who Killed Captain Alex?, yaani Nani alimuua Kapteni Alex, kiliwekwa kwenye YouTube. Ni filamu ambayo inasemwa iligharimu dola zisizofika 200. Mamilioni ya watu wamekitazama kionjo hicho.

Mwaka 2011 Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, mtu wa matamasha ya filamu kutoka New York, alikiona, akapanda ndege kumtafuta aliyekitengeneza. Baadaye akahamia Wakaliga na kuwa mwigizaji wake. Tangu hapo wapenzi wa filamu wanatoka Ulaya na Marekani ili washinde siku moja tu katika uwanja ule. Sisi tulio jirani, tunaopita karibu kila mwezi na mizigo yetu, hatuendi.

Niseme wazi: pale si studio yenye geti kubwa na walinzi. Ni nyumba ya mtu. Nguo zimeanikwa, chakula kiko jikoni, watoto wa jirani wanapita. Uwanjani kuna helikopta iliyochomelewa kwa vyuma chakavu, ambayo haijawahi kuruka wala haitaruka. Bunduki zao ni mabomba na vipande vya magari. Damu ni maji yenye rangi ya chakula, yanayotiwa ndani ya kondomu ili ipasuke mtu akipigwa risasi ya uongo. Kompyuta za kukatia picha Nabwana aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Nakala safi ya Kapteni Alex haipo tena, kwa sababu ilibidi aifute ili apate nafasi ya kutengeneza filamu nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayeeleza na kutania juu ya picha, kama wale tunaowasikia katika vibanda vyetu vya video.

Lakini kilichonifanya niandike maneno haya si helikopta wala bunduki. Ni namna wageni wanavyopokelewa.

Mgeni akifika Wakaliga na kamera yake shingoni, haachwi apige picha za umaskini halafu aondoke. Akikuta kazi inaendelea, anapewa nafasi ndani yake. Atakimbia, atapigwa teke, atakufa. Wazungu wengi wamekufa kwa njia hiyo, wakaamka, wakapangusa vumbi na kurudi kwao wakifurahi. Fikiri kidogo jambo hilo. Mgeni ametoka mbali ili aone, na sasa yeye ndiye anayeonwa. Ameingia katika hadithi iliyotungwa na mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayeamua picha ianze wapi na iishe wapi. Siku niliyofika mimi hakukuwa na upigaji wa filamu, kwa hiyo nilirudi nikiwa mzima.

Hapa kwetu Ituri mambo ni kinyume. Sisi pia tunatembelewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini wageni wanashuka uwanja wa ndege wa Bunia, wanapanda magari meupe, wanakwenda kwenye kambi kama ile ya Kigonze, wanapiga picha ya mama aliyebeba mtoto mbele ya turubai, na jioni wamekwisha kuondoka. Sisemi wote ni wabaya. Wako waliosaidia watu, wako waliosema ukweli wakati wengine walinyamaza. Lakini jiulize: mama yule amewahi kuiona picha yake? Anajua ilikwenda wapi? Alichagua asemewe nini? Kamera ilikuja na mgeni, ikaondoka na mgeni, na hadithi ikaondoka nayo.

Kuna jambo jingine ambalo mpenzi wa Nabwana kutoka New York hawezi kulihisi kama sisi. Niliruhusiwa kushika moja ya bunduki zile za bomba. Mkono ulinitetemeka. Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 11. Mtoto wa Bunia wa wakati ule hakuhitaji kionjo cha filamu ili ajue sauti ya bunduki. Baada ya vita, mdogo wangu alichonga bunduki ya mti ili acheze na wenzake. Baba mdogo aliichukua bila kusema neno, akaitia chini ya sufuria, tukaipikia maharagwe. Hakuna aliyelia. Hata mtoto alielewa.

Isitoshe, shujaa wa filamu ile, Kapteni Alex, ni ofisa wa UPDF, jeshi la Uganda. Kwa mtazamaji wa mbali hiyo ni sare tu. Mtu wa Bunia anaona jambo jingine. Jeshi hilo lilikaa Ituri hadi 2003, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye ilihukumu mwaka 2005 kwamba Uganda ililikalia jimbo letu kinyume cha sheria. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 mahakama hiyo hiyo iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Tangu mwisho wa 2021 jeshi hilo limerudi, safari hii pamoja na FARDC katika operesheni Shujaa, na mwezi wa pili 2025 likaingia tena mjini Bunia. Simlaumu Nabwana kwa hayo. Yeye ni raia, amekulia katika nchi iliyopita kwa Idi Amin na katika vita vilivyofuata. Lakini siwezi kujifanya kwamba nilitazama filamu yake kwa macho ya mtu wa Texas.

Tena iko habari ya mwisho wa filamu. Kapteni Alex anauawa. Ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung-fu, anakuja kumtafuta muuaji. Watu wanapigana, majumba yanalipuka, na filamu inaisha bila kutuambia nani alimuua. Watazamaji wanacheka sana hapo, kwa sababu jina la filamu lenyewe ni swali. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba swali hilo ndilo tunaloishi nalo. La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 mwaka 2012, Germain Katanga miaka 12 mwaka 2014 kwa shambulio la Bogoro, na Bosco Ntaganda miaka 30 mwaka 2019. Hata hivyo, familia ngapi za Djugu, Irumu na Mahagi zina kaburi bila jibu? Familia ngapi hazina hata kaburi?

Je, basi, mtu wa Ituri ana haki ya kucheka na filamu kama ile? Wako watakaosema hapana. Nami nawaheshimu, hasa wazee na akina mama waliozika watoto wao. Lakini jibu langu ni ndiyo. Pale uwanjani kwa Nabwana niliiona bunduki ikiwa imefunguliwa vipande vipande, nikaona ni bomba na ni chuma cha gari. Aliyeitengeneza anaishi jirani, na anayekufa anaamka kunywa chai. Kwa siku moja kitu kilichonitisha utotoni kilikuwa chombo cha mchezo mikononi mwa watu wasio na nia ya kumdhuru mtu. Sikusahau wafu wetu kwa kucheka. Nilirudi nikiwaza zaidi juu yao.

Wako pia wanaosema kwamba Wakaliga ni mahali ambapo matajiri wanakwenda kucheka maskini. Hoja hii ina ukweli kidogo. Mtu anayeingia uani kwa mwenzake, akapiga picha za mtaro na watoto bila kuomba, halafu akajisifu kwa marafiki, huyo si mpenzi wa filamu, ni mvamizi. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, hata kama mlango uko wazi. Kwa hiyo mwenye kutaka kwenda atume habari mapema, asalimie wenye nyumba kabla ya kutoa telefoni, aombe ruhusa, anunue DVD, na aache kitu mezani. Waigizaji wa pale hawana mshahara. Wanatembeza DVD nyumba kwa nyumba na kubaki na sehemu ya pato.

Lakini tusisahau kwamba filamu zile hazikutengenezwa kwa ajili ya wazungu. Watazamaji wa kwanza walikuwa majirani, na lugha ni Kiganda. Dunia ilikuja baadaye, kwa kuwa kitu kilikuwa kizuri kwao wenyewe kwanza. Mwaka 2015 waliomba kwenye intaneti mchango wa dola 160 tu kwa filamu mpya, wakapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2022 kazi yao ilionyeshwa kule Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta. Hawakuhama Wakaliga ili wapate hayo.

Wala tusiseme kwamba mambo hayo ni ya Uganda peke yake. Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, aliwafuata watu wa mji wake walioumizwa na vita vya siku sita vya mwaka 2000, akapanda nao boti hadi Kinshasa kudai haki yao. Filamu hiyo, En route pour le milliard, ilichaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020. Hakuna kichekesho cha bunduki ndani yake, lakini kanuni ni ile ile: aliyeshika kamera ni mtu wa pale.

Sasa Bunia tuna nini? Tuna vijana wanaopiga video za harusi, za matanga na za kwaya kila mwisho wa juma. Wanajua mwanga, wanajua sauti, wanajua kukata picha kwa umeme wa sola. Tuna mamotari wenye vichekesho kuliko redio. Tuna akina mama wa soko ambao wakianza kusimulia, hakuna anayeondoka. Kinachokosekana si vyombo. Kinachokosekana ni kuamini kwamba habari yetu ya kila siku inatosha kuwa filamu.

Najua hatuwezi kuiga kila kitu. Tangu mwezi wa tano 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Kijana atakayetoka barabarani Bunia na bunduki ya bomba, hata kama ni kwa filamu, anaweza kuuawa kweli, na hapo hakuna atakayeamka kunywa chai. Basi tuanze bila bunduki. Tuanze na foleni ya maji, na mwenye nyumba anayedai kodi, na posa iliyoharibika kwa sababu ya mbuzi mmoja. Wakuu wa mji watusaidie kwa jambo dogo: ukumbi mmoja wa kuonyesha kazi za vijana, na kibali kisichochukua miezi. Na mashirika yanayokuja kupiga picha kambini yafanye kama Wakaliga inavyofanya. Wakati wa kuondoka, waiache kamera moja kwa vijana wa pale, na wakubali wao pia kupigwa picha na kuulizwa maswali.

Nilipofika nyumbani, niliweka DVD niliyoinunua. Tulikuwa wengi sebuleni, hata baba mdogo alikuja na kiti chake. Alitazama bila kusema, akacheka mara mbili, nilimwona. Filamu ilipokwisha, mpwa wangu aliuliza:

— Mjomba, sasa ni nani alimuua?

Nikamwambia filamu haisemi.

— Basi tutengeneze sisi ile inayosema.

Baba mdogo aliinuka, akachukua kiti chake. Mlangoni akageuka na kuuliza kama katika filamu hiyo kutakuwa na nafasi ya mzee.