Tusitangulize mapambo ya baisikeli, taa ikabaki nyuma



Nina dukuduku langu kuhusu vifaa na mapambo tunayofunga kwenye baisikeli zetu. Mimi ni fundi baisikeli hapa Shinyanga, na kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nisije nikadhaniwa kuwa nawadharau wanaopamba baisikeli. Wao ndio wateja wangu.

Watu wa huku kwetu wanaipenda baisikeli kwa moyo. Mtu akishanunua Phoenix yake mpya haendi nayo nyumbani hivi hivi, bali hupitia kwanza kwa fundi. Atafunga vioo viwili kwenye usukani, kava la kiti lenye nyuzi za kuning'inia, maua ya plastiki, vile vibrashi vya rangi vinavyovalishwa kwenye habu katikati ya spoki, na kipande cha mpira chenye maandishi kwenye madigadi ya nyuma. Mwenye uwezo zaidi atafunga redio. Wazee wetu waliokuwa na Raleigh, na baadaye Swala yetu iliyoundwa hapa nchini, nao walizipamba zao.

Wako wanaosema huo ni ushamba. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Baisikeli ndiyo gari la mkulima: hubeba mkaa, maziwa, mgonjwa na bibi harusi, na mwenye gari anayepaka gari lake nta kila Jumapili hana haki ya kumcheka mwenye baisikeli. Tena baadhi ya mapambo hayo yana kazi. Vile vibrashi hufuta vumbi na mafuta kwenye habu kila gurudumu linapozunguka. Mpira wa madigadi ya mbele huzuia tope lisirukie miguu na mnyororo. Kioo humwonyesha mwendeshaji lori linalokuja nyuma yake. Ugomvi wangu si na mapambo, ni na yale tunayoyaondoa au kuyaacha ili mapambo yapate nafasi na fedha. Na hapa nasema nikiwa mmoja wa wenye makosa.

Mwaka 2019 kijana mmoja jirani yangu, mchuuzi wa maziwa, aliniletea baisikeli yake nimfungie mpira wa nyuma wenye maandishi aliokuwa ameuchagua mwenyewe. Mahali pa kuufunga palikuwa pamekaliwa na kile kioo chekundu kinachorudisha mwanga. Nilikifungua, nikautia mpira kwa skrubu na tundu lile lile, na kioo nikakitupa kwenye kopo langu la vyuma chakavu. Yeye hakuuliza, nami sikusema. Alinilipa akaenda zake akiwa na furaha, na kwa kweli ilikuwa imependeza.

Haikupita miezi miwili. Alikuwa akirudi kutoka upande wa Tinde yapata saa mbili usiku, hakuna mwezi, pikapu ikamgonga kwa nyuma. Alipona, lakini mguu mmoja ulikatwa chini ya goti. Dereva hakukimbia. Alimpeleka hospitali yeye mwenyewe, na alipoulizwa alisema kwamba aliona madumu ya maziwa tayari yakiwa mbele ya bampa. Watu wengi walimwita mwongo. Mimi nilimsadiki, kwa sababu nilijua kioo chekundu kilikuwa wapi.

Hebu tufanye hesabu, Ndugu Mhariri. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Taa zake zikiwa zimeshushwa humulika vizuri mita 40 hivi mbele. Mtu aliyevaa shati la kahawia juu ya baisikeli nyeusi ataonekana sekunde mbili kabla ya kugongwa, na dereva hata kama yuko macho hutumia karibu sekunde nzima kabla mguu haujafika kwenye breki. Lakini kioo chekundu kisicho na tope huonekana kwenye taa hizo hizo kutoka zaidi ya mita mia moja. Hakitumii betri wala globu, wala hakichoki. Na bei yake haiikaribii bei ya redio.

Jambo la pili ni dainamo. Wateja wengi huniambia, "Fundi, toa hiki kichupa, ni kibovu." Mara nyingi si kibovu. Dainamo hii ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, na ina waya mmoja tu wa kwenda kwenye kila taa. Umeme hurudi kwa kupitia fremu yenyewe. Sasa fremu imepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Ile skrubu ndogo yenye ncha kwenye kishikio cha dainamo imewekwa ili ichome rangi ifike kwenye chuma. Mtu asipoikaza, au akipaka baisikeli rangi upya kwa ajili ya urembo, taa haziwaki, naye anasema dainamo imekufa. Kwaruza rangi pale, kaza skrubu, nayo itawaka.

Kosa jingine ni kuifunga ikiwa imekaa upande. Dainamo inatakiwa ilenge katikati ya gurudumu, la sivyo inakula tairi na kuwa nzito kwa miguu. Tena globu ya mbele ikiungua, umeme wote huiendea ya nyuma nayo ikaungua papo hapo. Kwa hiyo badilisha mapema, usingoje. Nakiri kwamba mvua ikinyesha dainamo huteleza juu ya tairi, na ukisimama taa huzimika. Ndiyo maana kioo chekundu hakiachwi hata kwa mwenye dainamo nzuri. Kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham, Uingereza, kilianza mwaka 1936 kuuza dainamo iliyofichwa ndani ya habu, isiyogusa tairi wala kujali mvua, na kiliendelea nayo hadi 1984. Katika maisha yangu nimewahi kuishika moja tu, kwenye Raleigh ya mzee mmoja, na ilikuwa bado inawaka. Siku hizi ziko taa za LED zinazotumia umeme kidogo sana, nyingine zinachajiwa kwa jua, na kwa mtu asiyetaka dainamo hizo ni msaada mkubwa.

Kuhusu honi za betri zinazolia kama gari la zimamoto sitasema mengi. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliotiwa sahihi Vienna mwaka 1968 unataka baisikeli iwe na breki madhubuti, kengele, kioo chekundu nyuma, na taa mbele na nyuma. Umekataza chombo kingine chochote cha kupigia kelele. Kengele inatosha.

Ningependa sasa kuwageukia wahusika. Kwanza, wenye maduka. Baisikeli nyingi nzito zinazonijia zikiwa mpya kabisa zina kioo cha nyuma ambacho ni plastiki nyekundu tu, ukikimulika kwa tochi hakirudishi kitu. Mnunuzi akimulike dukani kabla ya kulipa, na kikishindwa, akikatae. Pili, wakuu wa usalama barabarani. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama naomba baisikeli nazo zikaguliwe, si kwa faini, bali kwa kuwafungia watu vioo na tepe zinazong'aa. Kipande cha tepe kwenye keria na kingine kwenye pedeli huonekana mbali, hasa kwenye pedeli kwa kuwa inapanda na kushuka. Tatu, mafundi wenzangu. Mteja akitaka mpira wenye maandishi, mfungieni, lakini tobolea tundu la pili chini yake na kioo kirudi. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Kijana wangu sasa anauza maziwa kwenye kibanda. Baisikeli yake niliibadilisha rimu na spoki za nyuma, na kile kioo nikakitafuta kwenye kopo nikakirudisha mahali pake. Ipo hapa kwangu, pamoja na mpira wake, na amenituma nimtafutie mnunuzi.

Fundi Baisikeli,
Shinyanga.