KUFOMATI SIO UFUNDI JAMANI!

Najua nimepotea kidogo, UE zilikuwa zimenikaba koo. Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kafeteria. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu kompyuta. Watu wa sheria na fasihi msikimbie, hii inawahusu pengine kuliko wale wa uhandisi.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Ukipeleka kompyuta ya mezani ya kuunga, yenye miaka kumi na kitu, ukamwambia fundi "inazima wakati wa kuwaka", naye akakujibu "tunapiga Windows mpya" kabla hata hajafungua kava, huyo hajatengeneza kitu. Anafuta ushahidi. Na mara nyingi anafuta na kazi zako humo humo.

Hizi mashine mnazijua. Kaka kamaliza chuo kaacha boksi. Ndani kuna madabodi ya mwaka 2011, pawa saplai isiyojulikana ilikotoka, ramu mbili za kampuni tofauti, na hadi diski iliyong'olewa kwenye mashine nyingine. Monita ya shangazi. Inachapa kazi vizuri tu mpaka siku inapoanza kuchoka. Unawasha, feni inazunguka, kimya. Au inafika kwenye nembo inajizima na kuanza upya. Au inakupa skrini ya bluu. Magonjwa ni tofauti kabisa, lakini ukienda dukani dawa ni moja tu: fomati.

Sasa sikilizeni kilichonipandisha mori. Mshikaji wangu wa mwaka wa tatu anakaa geto nje ya chuo na ana mashine ya namna hiyo. Kwa wiki kadhaa kila akiwasha ilikuwa inamletea maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, kwamba CMOS ina hitilafu, bonyeza F1 uendelee. Anabonyeza, maisha yanaendelea. Siku moja umeme ukakatika usiku kucha. Asubuhi anawasha: skrini ya bluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Inajiwasha upya, bluu tena. Akabeba boksi kwenye daladala mpaka kwa fundi. Jibu lilichukua dakika moja:

"Kaka, Windows imekufa hii. Tupige mpya, saa moja tu unaondoka nayo."

"Kazi zangu je?"

"Ziko D? Basi usijali."

Nyingi hazikuwa D. Zilikuwa kwenye desktop, kama za binadamu wengine wote. Sauti za mahojiano aliyofanya fildi, wiki sita vijijini, wazee wanaozungumzia mashamba yao. Zimekwenda. Kilichobaki ni madaftari na nakala chache alizowahi kumtumia msimamizi kwa barua pepe. Mmoja wa wazee aliowahoji ameshafariki. Huyo hawezi kurudi kuulizwa upya.

Mashine ilirudi geto "imepona". Nilipokwenda kumpa pole nikaiona inawaka, na bado inadai F1. Saa inasema Januari 2011. Nusu ya tovuti zinakataa kufunguka, fundi kasema eti ni kirusi. Sio kirusi jamani. Tovuti za siku hizi zina cheti chenye tarehe, na kompyuta inayoamini tuko 2011 inaona cheti hicho bado hakijaanza kufanya kazi.

Kwenye madabodi kuna kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Ndicho kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS pale umeme wa ukutani unapokosekana kabisa. Kikifa, madabodi inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Mojawapo ya mipangilio hiyo ni namna ya kuongea na diski. Madabodi nyingi za miaka ile zilikuwa na njia mbili, AHCI na IDE, na baadhi zilitoka kiwandani zikiwa kwenye IDE. Windows iliyopigwa mashine ikiwa kwenye AHCI, ukiihamishia IDE ghafla, inaamka haioni diski yake yenyewe. Inatoa bluu, na maneno inayoandika ni yale yale: siwezi kuifikia diski ya kuwakia. Nilifungua BIOS ya mshikaji. IDE. Saa, F1, umeme uliokatika, bluu, vyote vinaelekea kwenye kibetri ambacho bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Kibetri kipya, tarehe sahihi, kurudisha AHCI. Dakika kumi, na faili zote zingekuwa pale pale.

Na hapa ndipo penye utapeli usio na tapeli. Fundi alipopiga Windows mpya mashine ikiwa kwenye IDE, Windows hiyo ilizaliwa ikijua IDE. Lazima iwake! Kwa hiyo fundi anaamini kwa moyo mweupe kwamba ametibu, mteja naye anaamini, na mwingine akija na bluu ile ile anapewa dawa ile ile. Fomati ina tabia ya kujitolea ushahidi yenyewe. Ramu mbovu nayo hivyo hivyo: Windows mpya inakaa mahali tofauti kidogo kwenye kumbukumbu, siku tatu inatulia, ya nne bluu. Mashine inayozima kwa joto imekaa kava wazi dukani chini ya feni ya dari, kwa nini isiwake? Ukirudi nayo geto kwenye joto la Dar na vumbi lake la miaka mitano, stori inaanza upya.

Kitu ambacho ningependa kila mtu akijue ni kwamba Windows inaingia kazini ikiwa imechelewa. Ukibonyeza swichi, kwanza pawa saplai inatoa umeme na kuiambia madabodi kwamba volti zimekaa sawa. Halafu BIOS inakagua prosesa, ramu, kadi ya picha. Halafu inatafuta diski. Ndipo Windows inaitwa. Kwa hiyo mashine inayozima kabla hata ya nembo, Windows haikuwepo kwenye eneo la tukio. Kuifomati ni sawa na gari kukataa kuwaka asubuhi halafu unamfukuza kondakta.

Wanaohusika kweli kwenye mashine kuukuu ni hawa.

Pawa saplai. Dalili yake kubwa: asubuhi inakataa, ukijaribu mara ya tatu au ya nne inakubali, ikishapata moto inafanya kazi mchana kutwa. Waya wa njano unatakiwa utoe volti 12, na kiwango kinachokubalika ni 11.4 hadi 12.6. Mita ya umeme ya kawaida inapima. Boksi lenyewe la pawa saplai msilifungue, linatunza umeme ndani hata baada ya kuchomoa waya.

Kapasita. Vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye madabodi. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, kimeisha. Hii sio hadithi ya vijiweni. Madabodi nyingi za kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na karibu 2007 zilikufa kwa kapasita mbovu, na mwaka 2005 Dell walitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha mashine zilizokumbwa. Ugonjwa huu unaonekana kwa macho, bila kifaa chochote. Kinachotakiwa ni kufungua kava tu!

Ramu. Chomoa zote, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha moja moja. Kisha weka Memtest86 kwenye flashi uiache ikimbie usiku. Kosa hata moja linatosha kutia shaka.

Diski. Hapa ndipo fomati inapokuwa dhambi. Diski inayokufa inajiandikia kumbukumbu zake za afya, zinaitwa SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inazisoma kwa sekunde. Kama zinaonyesha sekta mbovu zinaongezeka, kila dakika ya diski hiyo ni ya kuokolea faili. Wewe unaichukua, unaifuta, unaiandikia magigabaiti ya Windows juu yake. Ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo mchakamchaka ili kuona kama amepona.

Na kuna kipimo kimoja ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye mlango wa kila duka. Weka Ubuntu kwenye flashi, iwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila kugusa diski. Kama nayo inazima, Windows haina hatia, tafuta kwenye vyuma. Kama inakaa saa tatu bila wasiwasi, vyuma vingi viko sawa, na papo hapo umeshapata mlango wa kunakili faili zako zote kabla ya kufanya lolote. Haina gharama zaidi ya flashi. Kwa nini sio hatua ya kwanza?

Najua mtakachosema, nimeshakisikia.

"Mafundi nao wanatafuta riziki." Kweli, na siwadharau. Wengi wamejifunza wenyewe, na kuna wachache nawaamini kuliko hata baadhi ya wahitimu wetu. Tatizo ni namna tunavyowalipa. Mteja hakubali kulipia uchunguzi. Ukimwambia "nimekaa nayo saa mbili, ni kibetri", anataka kulipia kibetri tu. Ukimwambia "nimepiga Windows", anatoa hela bila kubisha. Kwa bei hizo, nani atahangaika kuchunguza? Basi na tuanze kulipia uchunguzi kama tunavyolipia vipimo hospitali. Hakuna anayegoma kulipia kipimo cha malaria eti kwa sababu majibu yamesema hana.

"Hizo mashine ni za kutupa, Windows 10 yenyewe imeshaachwa." Ni kweli Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huo hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Hiyo ni hoja ya usalama na ni ya maana, wenye mashine hizo wafikirie Linux. Lakini kukosa masasisho hakuvimbishi kapasita wala hakumalizi kibetri. Msichanganye uzee wa programu na ugonjwa wa chuma. Na anayesema tupa, atuambie laptop mpya inanunuliwa na bumu la nani.

"Angekuwa na bakapu." Angekuwa nayo, sawa, na nyote mnaosoma hapa kanakilini tasnifu zenu leo, sio kesho. Lakini mtu kutofunga mlango hakumpi jirani ruhusa ya kuchoma nyumba.

Simaanishi fomati haina kazi. Kama vyuma vimepimwa vikaonekana vizima, faili zimeokolewa, na Windows imeoza kwa virusi, fomati kwa raha zako. Iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza.

Kwa hiyo ukimkabidhi fundi boksi lako, mwambie mambo matatu, tena uyaandike kwenye karatasi uibandike kwenye kava. Moja, usifute chochote bila kunipigia simu. Mbili, niambie ni kitu gani kimeharibika, na umejuaje. Tatu, uchunguzi nitaulipia hata kama hujabadilisha kitu. Akikasirika kwa la pili, beba boksi lako uondoke.

Na kwa ambaye ameshafutiwa: izime sasa hivi. Fomati ya haraka inafuta orodha ya faili, faili zenyewe zinabaki mpaka ziandikiwe juu, kwa hiyo kila unachopakua kinazika kingine. Kwenye diski ya kawaida matumaini yapo. Kwenye SSD ni madogo sana, kwa sababu inajisafisha yenyewe nafasi zilizofutwa. Mshikaji wangu yake ni ya kawaida. Tumeichomoa, haiguswi, tunaiunga kwenye mashine nyingine Jumamosi tujaribu kuchimba. Mwenye diski tupu ya terabaiti moja ya kuazima anitafute, tunahitaji mahali pa kuweka tutakachopata.

Naomba kutoa hoja. Wanaobisha waje, ila waje na kava wazi.