KOSA LA KARANI LISIGEUKE DENI LA MFANYAKAZI



Kila mwaka, tarehe 30 Juni ikikaribia, wanachama wengi hutujia na malalamiko mamoja. Mtu amefungua hesabu yake ya kodi katika iTax, akakuta mshahara ulioandikwa si ule aliopokea, na chini yake deni. Akimwuliza karani wa mishahara, huambiwa, "Hayo ni mambo yako na watu wa kodi." Jibu hilo twalikataa kabisa.

Hesabu ile iliandikwa na nani? Kodi ya mshahara, iitwayo PAYE, hukatwa na mwajiri, na mwajiri ndiye apelekaye hesabu yake kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi hakushika kalamu. Iweje basi alipie makosa ya aliyeishika?

Matajiri wengine husema hilo ni kosa dogo. Haya, na tupige hesabu kwa viwango vya mwaka 2024. Mtu ambaye mshahara wake wa kutozwa kodi ni shilingi 30,000 kwa mwezi alitozwa asilimia 10 katika 24,000 za kwanza, na asilimia 25 katika 6,000 zilizobaki. Jumla ni 3,900. Ukitoa nafuu ya 2,400 ambayo kila mtu hupewa, kodi ni 1,500. Karani akikisia na kuandika 40,000, kodi yapanda mpaka 4,383. Tofauti ni shilingi 2,883 kwa mwezi, na kwa mwaka yapita 34,000. Huo ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima! Mwenye watoto shuleni hawezi kuliita dogo.

Hatusemi watu wakwepe kodi. Aliyefanya kazi kwa waajiri wawili kwa wakati mmoja, na wote wawili wakampa nafuu ile, anadaiwa kweli, maana nafuu ni moja kwa mtu mmoja. Alipe. Lakini fedha ambayo hukuipokea haiwezi kuwa pato lako kwa sababu imo ndani ya komputa. Komputa husema lile iliyoambiwa.

Basi, ndugu, fanyeni hivi. Wekeni karatasi zote za mshahara. Sheria ya Kazi ya 2007 yamtaka mwajiri awape. Daini fomu ya P9, mwilinganishe na karatasi hizo mwezi kwa mwezi. Mkiona tofauti, mwandikieni mwajiri barua asahihishe hesabu aliyopeleka, nanyi mbaki na nakala. Maneno ya mdomo hayana ushahidi. Wala msingoje siku ya mwisho, kwa maana anayechelewa kupeleka taarifa yake hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000.

Na Mamlaka ya Mapato ikikuletea makadirio yasiyo ya haki, usiitupe barua ile kabatini. Sheria ya 2015 yakupa siku 30 za kupinga kwa maandishi, ukieleza sababu na kuonyesha ushahidi. Sehemu ya kodi usiyoipinga, ilipe. Pingamizi likiwa halali, Kamishna ana siku 60 za kuamua, akinyamaza, limekubaliwa. Akikataa, iko Baraza la rufani za kodi.

Nanyi waajiri, twasema wazi. Twataka katika kila mapatano kiwekwe kifungu cha kwamba P9 itolewe mapema, na faini itokanayo na kosa la ofisi ilipwe na ofisi. Wazee wetu walitozwa kodi ya kibanda tangu 1901, nao walitunza risiti kama roho, kwani asiyekuwa nayo alisumbuliwa. Sisi tunatunza karatasi zetu vivyo hivyo. Tutakuja nazo mezani, wala hatutakuja mmoja mmoja.

Umoja ni nguvu.