POMBE NA AKINA MAMA: TUACHE KUNYOSHA KIDOLE



Siku ya mshahara sisi watu wa reli hapa Nakuru huketi kilabuni na kumcheka mama apitaye akiyumba kuelekea Bondeni. "Mlevi yule!" twasema, na glasi zi mikononi mwetu. Mwanamume akilewa, twasema amechoka na kazi. Mwanamke akilewa, twasema ameharibika. Je, yeye hachoki?

Aibu hiyo ndiyo imwuayo. Hunywa kwa kujificha, chang'aa ya bei rahisi, wala haendi kwa daktari. Na mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wetu, basi kileo kilekile humdhuru upesi zaidi. Akiwa mja mzito, humfikia mtoto tumboni.

Tangu 2010 sheria yataka chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuuzwa katika chupa. Lakini Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi Embu, Kiambu na kwingineko, na wengine wakapofuka. Sumu hiyo haiulizi bwana wala bibi.

Nao wapikaji wengi ni akina mama wasio na mshahara. Askari huwakamata wao. Sisi wanunuzi twarudi nyumbani salama. Hiyo ni haki gani?

Twadai chama kimsaidie kila mgonjwa wa pombe, mume au mke, afike hospitali bila kutangazwa. Na sisi tuanze leo: mshahara ufike nyumbani kabla ya kufika kilabuni.