Wakubwa Wanaposhindana, Nani Hubeba Mzigo?



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja wa idara ya kusokota nyuzi alisimama akauliza: "Chama kinahusika nini na vita vya mataifa makubwa? Sisi tunataka habari za mishahara." Swali lake ni la haki. Sikuweza kumjibu pale pale kwa sababu king'ora cha zamu kilikuwa kimelia na watu wameanza kutoka. Namjibu hapa.

Tuna methali tunayoipenda sana, kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii ni ya kweli lakini inasema nusu tu. Nyasi huumia kwa kuwa zimeota mahali pale. Babu zetu mwaka 1914 hawakuumia kwa sababu hiyo. Waliandikwa majina, wakapewa namba, wengine wakakamatwa kwa nguvu, wakabebeshwa sanduku la risasi na gunia la unga, wakaambiwa watembee. Tembo walipanda juu ya migongo ya nyasi. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani na wa shamba la chai ana haki ya kuuliza: wale tembo waligombania nini hasa?

Wengi wetu tumezoea jibu fupi: matajiri walitaka masoko, wakapigana. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilitoa jibu hilo katika semina za chama. Lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, nami nitasema kwa nini.

Kwanza tukumbuke kwamba wakubwa wanaweza kushindana miaka mingi bila kupigana. Mwaka 1898 Waingereza na Wafaransa walikutana uso kwa uso mahali panapoitwa Fashoda, kando ya mto Nile, katika Sudan. Kapteni Marchand alikuwa amepandisha bendera ya Ufaransa, na Kitchener akaja na jeshi kubwa la Uingereza. Magazeti ya London na Paris yalikuwa yakipiga kelele za vita. Reli kutoka Mombasa kuja Ziwa Victoria, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilikuwa sehemu ya mashindano hayo hayo ya kushika Nile. Basi, walipigana? La. Ufaransa iliondoka. Baada ya miaka sita, mwaka 1904, maadui hawa wa karne nyingi waliketi mezani wakapeana: wewe chukua Misri, mimi niachie Morocco. Wenyeji wa Misri na wa Morocco hawakuulizwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kama mashindano ya masoko peke yake yangetosha kuleta vita, vingetokea siku ile Fashoda. Tena tukiangalia Uingereza na Ujerumani kabla ya 1914, tunaona walikuwa wakifanyiana biashara kubwa sana. Mwaka 1910 Mwingereza aitwaye Norman Angell alitoa kitabu kilichosomwa duniani kote, akieleza kwamba mali za mataifa zimefungamana kiasi kwamba hata mshindi wa vita atapata hasara. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la wasomaji waliodhani kwamba jambo lenye hasara haliwezi kutendeka. Hata wenye mabenki wa London, wiki ile ya mwisho ya Julai 1914, hawakuvitaka vita hivyo. Soko lao la hisa lilifungwa tarehe 31 Julai kwa hofu. Siku hizi nasikia watu wakisema kwamba Marekani na China haziwezi kupigana kwa kuwa zinauziana bidhaa nyingi mno. Nawaomba wasome habari za mwaka 1914 kabla ya kulala usingizi.

Sasa kilichozidi ni nini? Mimi nasema ni hofu ya kesho.

Ujerumani ilikuwa imekua upesi kupita wote. Kufikia mwaka 1913 viwanda vyake vilikuwa vikitoa chuma cha pua zaidi ya mara mbili ya kile cha Uingereza. Mwenye nguvu mpya hutaka kuheshimiwa kama mwenye nguvu wa zamani, naye wa zamani huona kila hatua ya yule mpya kuwa ni kuja kumpora. Ujerumani ilipopitisha sheria za kujenga manowari, mwaka 1898 na mwaka 1900, ilisema inajilinda. Uingereza, ambayo chakula chake kilitoka ng'ambo kwa meli, ikaona kisu shingoni. Mwaka 1906 ikashusha majini manowari ya aina mpya iitwayo Dreadnought, iliyofanya zote za zamani, pamoja na zake yenyewe, zionekane kama mitumbwi. Basi Ujerumani nayo ikaanza kujenga za aina hiyo. Mwaka 1909 wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza waliomba manowari sita, wabana matumizi serikalini wakasema nne zatosha, na mwisho zikajengwa nane. Anayejua jinsi bajeti ya kiwanda inavyopangwa atacheka, lakini fedha hizo zilikuwa kodi ya wavuja jasho.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kila mmoja alijiona anajilinda, na kila kinga ya mmoja ilikuwa tishio kwa mwenziwe. Viwanda viwili vikigombana juu ya alama ya biashara kuna mahakama. Mfanyakazi na mwajiri wakigombana kuna mkataba, na kuna baraza la usuluhishi, hata kama hukumu yake mara nyingi hutuudhi. Lakini dola na dola, miaka ile, hazikuwa na hakimu juu yao. Kila moja ililala na bunduki chini ya mto.

Kisha wakafungana kwa ahadi. Ujerumani na Austria mwaka 1879, Ufaransa na Urusi katika miaka ya 1890, Uingereza na Urusi wakapatana mwaka 1907. Ugomvi mdogo wa mmoja ukawa ugomvi wa wote. Majenerali wa Ujerumani walikuwa wakiitazama Urusi ikijenga reli kwa mikopo ya Ufaransa na kuongeza askari, wakapiga hesabu kwamba ifikapo mwaka 1917 hawataiweza tena. Mkuu wao, Moltke, alikuwa na fikra kwamba kama vita haviepukiki basi heri vije mapema. Ndugu, hebu tulifikirie jambo hilo. Mtu huyu hakusema kwamba leo amechokozwa. Alisema kesho nitakuwa dhaifu, kwa hiyo leo ndiyo nafuu. Fikra kama hiyo ikikaa katika kichwa cha mwenye jeshi, cheche yoyote yatosha.

Cheche ilitokea tarehe 28 Juni 1914 huko Sarajevo, kijana wa miaka 19 alipomwua mrithi wa ufalme wa Austria. Siku hiyo manowari za Uingereza zilikuwa zimetia nanga katika bandari ya Kiel, kwa Wajerumani, kwa ziara ya kirafiki! Mwezi mzima ukapita, watu wengi wakadhani mambo yamekwisha. Tarehe 23 Julai Austria ikaipa Serbia masharti na saa 48 za kujibu. Tarehe 28 ikatangaza vita. Urusi ikaita askari wake wote, na Ujerumani ikatangaza vita juu ya Urusi tarehe 1 Agosti.

Jioni hiyo Kaisari wa Ujerumani alishtuka, akataka jeshi liende upande wa Urusi tu, lisiende Ufaransa. Moltke akamjibu kwamba haiwezekani, maana mpango ulikuwa mmoja tu, na ratiba za treni zilikwisha andikwa. Tarehe 4 Agosti wakaingia Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa yalikuwa yameahidi tangu mwaka 1839 kutoigusa, na Uingereza ikaingia vitani. Sisi tunaojua mashine tunaelewa: mtambo mkubwa usio na breki hauulizi mwendeshaji kama amebadili nia.

Na wafanyakazi wa Ulaya je? Hapa nitasema jambo lisilopendeza katika gazeti la chama. Walikuwa wameapa. Katika mikutano yao ya kimataifa, Stuttgart mwaka 1907 na Basel mwaka 1912, walipitisha maazimio kwamba wafanyakazi watavizuia vita. Katika uchaguzi wa 1912 chama chao cha Ujerumani kilipata viti 110, kikawa kikubwa kuliko vyote bungeni. Lakini tarehe 31 Julai 1914 Jean Jaurès, msemaji mkuu wa amani katika Ufaransa, alipigwa risasi akiwa mkahawani Paris. Tarehe 2 Agosti vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani vikakubali kusimamisha migomo, na tarehe 4 wabunge wa chama cha wafanyakazi wakapiga kura ya kutoa fedha za vita. Vyama vya Uingereza navyo vikaweka silaha ya mgomo chini mwezi huo huo. Kwa nini? Kila upande uliambiwa kwamba unajilinda, na kila upande uliamini. Karl Liebknecht alipiga kura ya hapana mwezi Desemba, peke yake, katika bunge zima. Azimio bila maandalizi ni karatasi, nasi tumepitisha mengi ya namna hiyo.

Waliojiandaa ni wenye viwanda vya silaha. Kampuni ya Vickers ya Uingereza ilikuwa imepewa ruhusa na Krupp ya Ujerumani kutumia ubunifu wake wa viwashio vya mizinga. Baada ya vita Krupp ikadai malipo yake, na katika miaka ya 1920 ikalipwa. Askari wa pande zote mbili walikuwa wamelala makaburini.

Sasa tuje kwetu. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ulioweka kanuni za kugawana nchi zetu bila hata Mwafrika mmoja mezani, ulikuwa na kifungu kilichoruhusu eneo hili kubwa la kati libaki nje ya vita vya Ulaya. Gavana wa Kijerumani wa Dar es Salaam, Schnee, alitaka iwe hivyo. Haikuwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza ilipiga mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Novemba wakapigana Tanga. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalichukua Kigali, yakashuka mpaka Tabora. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliwazungusha Waingereza kupitia Tanganyika, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, mpaka alipoweka silaha chini huko Abercorn, siku hizi Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha tangu tarehe 11.

Katika nchi hizo magari hayakufaa na wanyama walikufa kwa mbung'o. Ikabaki migongo ya watu. Wanahistoria wanakadiria wapagazi wa pande zote kuwa kiasi cha milioni moja, na waliokufa upande wa Waingereza peke yake kuwa karibu 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa unga usioiva uliowapasua matumbo. Jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam, limetoka katika kambi ya wapagazi hao, na Nairobi kuna Kariokor. Watu hununua nyanya pale bila kujua.

Wakati wapagazi wanakufa, walioshinda walikuwa wakigawana. Uingereza ikachukua Tanganyika, Ubelgiji ikapata Rwanda na Burundi, na Ureno ikapewa kipande cha Kionga kwenye mdomo wa Ruvuma.

Nisije nikaeleweka kwamba vita haviepukiki. Oktoba 1962 Marekani na Urusi ya Kisovieti zilifika karibu kabisa, juu ya makombora yaliyowekwa Cuba. Zilikuwa na hofu ile ile, ahadi kwa marafiki zile zile, na silaha mbaya mara elfu. Lakini Kennedy na Khrushchev kila mmoja alimwachia mwenziwe mlango wa kutokea: makombora yakatoka Cuba, na kwa siri Marekani ikakubali kuondoa yake yaliyokuwa Uturuki. Mwaka uliofuata wakaweka mtambo wa mawasiliano ya moja kwa moja baina yao. Yeyote aliyewahi kukaa katika meza ya majadiliano na mwajiri anajua kazi ya mlango huo. Ukimbana mtu ukutani mbele ya watu wake hatatia sahihi hata kama anataka.

Namrudia ndugu yangu wa kusokota nyuzi. Uliuliza habari za mishahara. Katika Kenya mshahara wa mpagazi uliwekwa chini, rupia chache kwa mwezi, usije ukashindana na ule wa mashamba ya walowezi. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu waliokufa au kupotea ilibaki katika vitabu vya serikali. Wakubwa wakaandikiana barua kwa miaka, huyu akisema jamaa hawapatikani, yule akisema ni ghali kuwatafuta. Jamaa zao wengi hawakulipwa mpaka leo. Lakini walipotaka kuwakusanya watu wale kwa kazi, waliwapata mpaka kijiji cha mwisho.

Tawi letu limeanza daftari. Mwenye babu au baba wa babu aliyekwenda katika vita vile, hata kama hana zaidi ya jina na mahali alipotoka, amwone katibu siku ya Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi. Wenye kipande, medali au karatasi yoyote wasituachie. Tutaandika yaliyomo na kuwarudishia pale pale.